Ugonjwa Ambao Mama Aliuita Nimonia

Mume wangu alitutangulia Kanada. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na huko walikuwa wanatafuta mafundi jinsi sisi huku tunavyotafuta mvua mwezi wa tatu. Alipomaliza miaka mitatu akanipigia simu kwamba sasa tunaweza kuomba ukaaji wa kudumu, yeye, mimi na watoto wetu wawili. Fomu zangu alikuwa amezituma kwa barua pepe. Nizijaze pole pole, alisema, nisije nikakosea. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule iliyo eneo liitwalo Kwanza, nje ya Kitale, na kila siku ya Mungu kazi yangu ni kuwaambia watoto wasome swali kabla ya kujibu. Nikajiambia, fomu ni kitu gani?

Jumamosi nikaenda mjini Kitale, kwa sayaba ninayoitumia siku zote, yaani duka la kompyuta na intaneti. Mwenye sayaba ni mama mtu mzima aliyestaafu ukarani. Anapiga chapa bila kutazama vidole, na ana sauti ya kuita mtu aliye mwisho wa korido. Siku hiyo kulikuwa na wateja kama wanane. Yeye, kwa wema wake, aliona maswali ya fomu ni mazito sana kuachwa kwa Kiingereza, kwa hivyo akawa ananitafsiria kwa sauti.

"Madam, umewahi kushtakiwa kwa kosa la jinai?"

"Hapana."

"Umewahi kujiunga na kundi la watu wenye silaha?"

"Hapana."

"Umewahi kushiriki mauaji ya halaiki?"

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja kutolewa kopi ya hati ya shamba alinigeukia, akanipima kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu, akaonekana kuridhika.

"Hapana," nikasema.

"Umewahi kuugua ugonjwa wowote mbaya?"

Hapo nikanyamaza. Vidole vya mama wa sayaba vikakaa hewani juu ya herufi. Wateja wote wanane nao wakanyamaza, na hata ile mashine ya kopi, nadhani, ilipunguza mwendo. Kwa mauaji ya halaiki nilijibu haraka. Kwa hili nikawa natazama dari.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeugua. Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikiwa bado nyumbani kwetu Bungoma, nilishikwa na kikohozi kilichokataa majani, kikakataa asali, kikakataa maombi ya kufunga. Nikakonda hadi sketi zikawa zinanizunguka zenyewe. Hospitalini wakanipima makohozi wakasema ni TB, nikanywa dawa miezi sita, nikapona kabisa. Shida haikuwa ugonjwa. Shida ilikuwa kwamba wakati huo huo, wazee wa huyu mume wangu walikuwa wametuma habari kwamba wanakuja kuzungumza mambo ya ndoa. Siku hizo mtu akisikika ana TB, watu hawakuishia hapo. Walimwongezea na ugonjwa mwingine, kisha wakaanza kumhesabia miezi. Mama yangu akafanya uamuzi. Majirani aliwaambia nina nimonia. Nimonia ilipokuwa ndefu kupita kiasi, akawaambia nimeenda Suam kumsaidia shangazi yangu kuuza vitenge mpakani. Ukweni akatuma ujumbe kwamba wazee wetu wamesafiri, wangoje. Mimi nilikuwa nyumba ya nyuma nikinywa uji, na kila alfajiri nikijifunika leso kichwani kwenda kliniki kwa njia ya mtoni.

Mume wangu hakuwahi kuambiwa. Kwanza nilingoja tuoane, kisha nilingoja tuzoeane, kisha ikawa ni kitu cha zamani sana hata kukitaja kungeonekana uchokozi.

"Andika hapana," alisema mzee wa hati ya shamba, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Wazungu wanapenda mtu mzima wa afya."

"Kwani ni ugonjwa gani?" akauliza mama mmoja aliyebeba mtoto.

"Kama Mungu alimponya, huo ugonjwa si wake tena," akasema mwingine, nguo yake ikiwa na nembo ya chama cha akina mama wa kanisa. "Akisema anao, anamkana Mungu."

"Wameuliza umewahi, hawakuuliza unao," alisema mama wa sayaba, ambaye alikuwa karani wa kweli. "Na hapa chini wameandika, ukiwadanganya wakigundua, wanakufungia mlango miaka mingi. Tena watakupiga picha ya kifua."

Nikashtuka. "Nani alisema ni kifua?"

"Madam, tangu nikusomee hilo swali umejishika kifua mara tatu."

Nilimwomba aihifadhi fomu nilivyoiacha, nikatoka.

Jioni hiyo nikampigia mume wangu kwa video. Kwake ilikuwa saa ya mapumziko ya kazi, alikuwa ameketi kwenye gari akila sandwichi na glovu moja bado mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri kama andalio la somo, lakini nikaanzia pabaya.

"Baba watoto, kuna jambo sijawahi kukuambia."

Akaacha kutafuna. Akaiweka sandwichi kwenye dashibodi kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeweka yai.

"Ni nani?" akauliza.

"Si nani. Ni kifua."

"Kifua cha nani?"

"Changu! Niliugua TB kabla hujanioa. Nilipona. Sikukuambia."

 Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetolewa kitanzi shingoni. Akacheka hadi akafuta macho kwa ile glovu, akabaki na masizi usoni. Halafu akaisogeza simu karibu na uso.

"Ngoja. Ni wakati ule wazee wenu walikuwa wamesafiri miezi sita?"

"Ndiyo."

"Ati walikuwa wamesafiri. Sisi tulikaa tukajiuliza ni safari gani hiyo. Baba yangu akasema hawa watu wanataka tuongeze mahari. Ndio tukaongeza yule ng'ombe mwekundu!"

 Yule ng'ombe alikuwa wa maziwa mengi sana.

"Basi na mimi nikuambie," akasema, sauti imeshuka. "Leseni ya kuendesha gari ya huku nilikuambia niliipata mara ya kwanza. Nimeanguka mara nne, na bado sina. Hili gari nimeketi ndani ni la mwenzangu."

Tukatazamana. Nilihisi nimempenda upya, kwa jinsi alivyokuwa na masizi na aibu. Akasema tuandike ndiyo, tena tutafute karatasi za hospitali kuonyesha nilitibiwa nikamaliza. "Mtu aliyepona ana ushahidi," alisema. "Mtu aliyeficha ana wasiwasi tu."

Wiki iliyofuata shule zilikuwa zimefungwa, nikashuka Bungoma. Mama nilimkuta anaanua mahindi. Ni mwanamke mfupi, mshupavu, mweka hazina wa chama cha kanisa, na hajawahi kushindwa katika mabishano isipokuwa mara moja na jogoo. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta, aliendelea kuanua kana kwamba sikusema kitu.

"Mama, nataka kadi yangu ya kliniki ya TB."

"Ulikuwa na nimonia."

"Mama, hapa tuko wawili."

"Hata tukiwa wawili." Akaniangalia. "Mimi nimesema nimonia miaka kumi na tisa. Nimesema kanisani. Nimesema mazishini. Kuna mtu hapa alikuja kuniuliza mtoto wake akiwa na nimonia afanye nini, na nikamwelekeza. Leo uniambie nilikuwa naongea nini?"

Kadi alikuwa ameichoma, kumbe, siku ile ile niliyomaliza dawa. Aliichoma pamoja na ile leso. Lakini alikubali kunisindikiza kliniki, nadhani ili kuhakikisha sitamki lile neno njiani.

Kliniki ya kifua bado ilikuwa mahali pale pale, nyuma kabisa ya hospitali, madirisha wazi. Na sista aliyenipa dawa alikuwa bado yupo! Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, amebakiza miezi michache astaafu. Aliinua macho kutoka kwenye vitabu vyake, akanitazama muda mrefu.

"Wewe," akasema, "ndiye ulikuwa unaficha vidonge shavuni."

Nilikuwa nimesahau. Wakati ule ilikuwa lazima umeze dawa mbele yake, na wiki za kwanza dawa zilikuwa zinanichafua tumbo, kwa hivyo nilijaribu ujanja. Siku ya tatu alinishika taya kama mtu anayenunua mbuzi, akanifungua mdomo, akavitoa vidonge kwa kidole chake, akanirudishia na maji. "Ukitaka kufa, usifie kwa kitabu changu," aliniambia. Kuanzia hapo nilimeza.

"Naona ulimeza," akasema sasa, akinitazama mashavu ambayo kwa kweli yamejaa. "Keti."

Alitupeleka stoo, akapanda kigoda, akashusha vitabu vikubwa vya rejista vyenye vumbi la miaka. Akapiga chafya, nasi tukapiga chafya, na kwa mahali kama pale kila mmoja alimtazama mwenzake kwa makini. Tukafungua mwaka ule. Sista akapitisha kidole chini, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akasimama.

"Huyu hapa. Miezi sita, vipimo vitatu vya makohozi safi, amepona." Akanisomea jina.

Halikuwa jina langu. Yaani lilikuwa langu, lakini jina la kwetu lina herufi mbili za R, na kwenye kitabu R zote mbili zilikuwa zimeandikwa L. Pasipoti yangu ilisema mtu mmoja, rejista ikasema mwingine, aliye karibu naye sana.

"Nani alisema jina siku ile?" nikauliza.

Sista akamtazama mama. Mama akatazama dirishani.

"Mtoto alikuwa amelala kwenye benchi, hawezi kuongea," akasema sista. "Ni wewe ulisema, mama. Mimi niliandika kile nilisikia."

"Mimi nilisema le," mama, ambaye ulimi wake hauijui R, akasema kwa hasira. "Si le. Le!"

"Ndiyo, mama. Na ndiyo niliandika le."

"Hiyo ni le ya limau! Mimi nasema le ya lafiki!"

Sista, ambaye ni mtu wa kwetu pia na ulimi wake ni ule ule, alifikiri kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba kwake hizo mbili zinafanana. Nilitoka nje nikacheka huko, nikashikilia nguzo.

Niliporudi ndani sista alikuwa ameshatafuta dawa ya jambo lenyewe. Angeniandikia barua kutoka kwenye rejista, lakini kubadilisha herufi kitabuni asingeweza, hata kwa nusu ya herufi. Ilinibidi niende kwa wakili, niape hati ya kiapo kwamba mwenye L na mwenye R ni mimi mmoja. Na iwepo hati ya pili, ya mtu mzima aliyekuwepo wakati wa ugonjwa, anayeshuhudia kwa kiapo kwamba ni huyu huyu aliugua, akatibiwa hapa.

Sisi wawili tukamgeukia mama.

"Mungu wangu," mama akasema.

Wakili alikuwa na ofisi ndogo mjini Bungoma, juu ya duka la mbegu. Alikuwa kijana mpole, koti limemzidi mabega. Alichapa hati zote mbili, nikaapa yangu, nikatia sahihi. Kisha akamsomea mama hati ya pili, mama akiwa ameshika Biblia kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikilia usukani.

"...kwamba binti yangu aliyetajwa aliugua kifua kikuu..."

"Hapo," mama akasema. "Ludia hapo."

"Aliugua kifua kikuu."

"Hauwezi kuondoa hiyo kikuu? Uache kifua tu. Kifua kila mtu ako nacho."

"Mama, bila kikuu hati haina maana."

"Weka basi nimonia kwa mabano."

Wakili akavua miwani. "Mama, hiki ni kiapo. Ukiapa uongo mimi naweza kufungwa, wewe unaweza kufungwa, na huyu hataenda popote."

Mama akanitazama.  Nilikuwa nimejitayarisha kubishana, lakini niliona jinsi alivyoing'ang'ania ile Biblia, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba ile nimonia haikuwa aibu. Alikuwa na binti anayekonda kila wiki, na mlangoni kulikuwa na watu waliotaka kumzika kwa midomo kabla ya wakati. Hakuwa na kitu kingine cha kuwazuia. Alikuwa na neno moja tu, akasimama nalo mlangoni miaka kumi na tisa.

"Ulikuwa umebaki mifupa," akaniambia, kana kwamba wakili hayupo. "Usiku nilikuwa naweka mkono hapa nione kama unapumua."

"Najua, mama."

"Haujui. Ulikuwa umelala."

Kisha akainua Biblia. "Andika," akamwambia wakili. "Ilikuwa TB. Alikuwa na TB kabisa, ya kukohoa damu, na alipona, na mimi nilikuwepo." Alisema kwa sauti ambayo nina hakika waliokuwa wakinunua mbegu chini waliisikia, maana tuliposhuka ngazi walikuwa wametupisha njia pana sana.

Nilidhani kiapo kile kitamwumiza. Badala yake kilimfungua. Jumapili iliyofuata, chama cha akina mama kilipotoa nafasi ya ushuhuda, alisimama na kuwaeleza yote: makohozi, leso, njia ya mtoni, vidonge vya shavuni, na mkojo wangu uliokuwa na rangi ya soda ya machungwa kwa sababu ya dawa, habari ambayo ningependa ibaki hospitalini. Akawaomba msamaha kwa ajili ya Suam. Kina mama, nilivyosikia, walikuwa wamejua tangu mwezi wa pili wa ugonjwa. Mmoja alimwambia, "Dada, mtu ako Suam na tunamsikia akikohoa kwa nyumba ya nyuma? Tulikaa kimya kwa sababu yako." Mama alirudi nyumbani amekasirika, ati wangemwambia mapema asihangaike.

Fomu tuliijaza. Mama wa sayaba aliandika NDIYO, akabandika barua ya sista na hati zote mbili, akazituma, akaniambia amenisahihisha mahali pawili nilipokosea tarehe. Baada ya wiki nyingi nikaitwa Nairobi kupimwa. Picha ya kifua ikaonyesha kovu dogo upande wa kulia, alama ya ule ugonjwa wa zamani. Daktari akasoma barua ya sista, akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akaniambia kwamba hata hivyo lazima nitoe makohozi asubuhi tatu mfululizo, wayaoteshe maabara waone kama kuna vijidudu hai, tungoje kama miezi miwili.

Sasa, mimi nilikuwa mzima. Mtu mzima hana makohozi. Asubuhi ya kwanza nilisimama kwenye kibanda chao cha kioo na kikopo mkononi, nikajaribu kukohoa kwa heshima, nikatoa mate tu. Mhudumu akaniambia nikohoe kutoka chini. Nikakohoa kutoka chini. Mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja zamu upande wa pili wa kioo alianza kunihimiza kwa mikono, kama kocha wa mpira: toa, toa! Nilipofaulu alipiga makofi. Zamu yake ilipofika nami nikamhimiza; ilikuwa haki. Kwa siku tatu tulihimizana, na sikujua hata ametoka wapi.

Miezi miwili ikawa mitatu. Mume wangu alinipigia kila jioni akijifanya anauliza habari za watoto. Wakati huo akaenda kujaribu leseni mara ya tano, akafaulu, akanitumia picha ya leseni yenyewe bila mimi kuiomba, mbele na nyuma.

Majibu yalikuja nikiwa darasani, watoto wanaandika insha. Hakukuwa na vijidudu. Wiki chache baadaye ikaja barua ya kukubaliwa, sisi sote wanne. Nilitoka nje, nikasimama kati ya madarasa na shamba la mahindi la shule, nikaisoma mara mbili kama ninavyowafundisha. Kisha nikampigia mama. Alipiga kigelegele kimoja kirefu, akaniuliza kama huko Kanada kuna kliniki ya kifua karibu. Nikamwambia ipo. Akasema vizuri, niende nikajitambulishe.

Wiki nilizobakiza shuleni, habari zangu zilikuwa zimeshaenea. Sehemu nilizisema mwenyewe, sehemu zilipanda kutoka Bungoma bila msaada wangu. Alasiri moja naibu wa mwalimu mkuu, mwanamume mkali ambaye watoto walimkimbia hata akiwa anatabasamu, alinivuta kando ya stoo ya vitabu.

"Madam, nina rafiki yangu," akasema. "Anakohoa."

"Kwa muda gani?"

"Wiki sita. Anasema ni vumbi la chaki."

"Rafiki yako naye ni mwalimu?"

Alifungua mdomo anijibu, kikohozi kikamwahi. Kilimkunja hadi akashika ukuta. Nilingoja kiishe.

"Mwambie huyo rafiki," nikasema, "kesho saa moja asubuhi tukutane kwa geti la hospitali ya Kitale. Asinywe chai nyingi, na asije na kofia ya kujificha, nitamjua tu."

Alikuja na kofia. Ilikuwa TB, na ikaanza kutibiwa siku hiyo hiyo. Vile vidonge alivilalamikia kwangu kila asubuhi katika ofisi ya walimu, kwa sauti ya chini, na kila asubuhi nilimwambia afungue mdomo nione. Siku waliyonifanyia sherehe ya kuniaga alikuwa na wiki saba za dawa. Alitoa hotuba fupi, akakaa, akamaliza sahani yake ya wali na kuku, yeye ambaye tangu kikohozi kianze alikuwa haonji zaidi ya vijiko viwili. Kisha, mbele ya wazazi na watoto wote, akasimama na sahani mkononi kwenda kuongezewa.